TAHADHARI: Kuna jamaa hapa Wilson anakuuzia nozeli zako mwenyewe

Wenzangu wenye ndege kuukuu za pistoni, na nyinyi mnaolaza zenu kwenye kiwanja kidogo cha Orly, someni hii kabla hamjamruhusu mtu yeyote kufungua kifuniko cha injini. Kuna jamaa anazunguka hanga za uwanja wa Wilson, Nairobi, akijiita mtaalamu wa kusawazisha mafuta kwenye nozeli, vile vijitundu vinavyomwagia kila silinda mafuta. Mpole, koti la buluu, begi la laptopu begani. Wengi wenu mmeshakunywa naye chai. Jina wakili amenikataza kuliandika, lakini mkiniuliza ana kwa ana nitalitaja kwa sauti ya kusikika hadi uwanja wa pili.

Ametula shilingi 180,000. Nazo zinauma, lakini kilichonikosesha usingizi ni kingine, mtakiona.

Najua mnavyocheka pale klabuni. Kwanza sikilizeni kwa nini mtu angemwamini. Huyu hakuja na uongo, alikuja na ukweli mtupu, tena ukweli ambao wengine wetu tumeruka miaka bila kuuzingatia. Cessna 206 yetu mnaijua, na injini yake, Continental IO-520, mnajua inavyokunywa. Baada ya yale ya magneto, kile kifaa kinachozipa plagi cheche, mwaka jana, ambayo sirudii, Daktari, mwenzangu katika ndege hii, alikuwa ameshatishia kuuza hisa yake. Jamaa akatukuta hapo hapo penye kidonda.

Siku ya kwanza hakuuza kitu. Alisimama tu akatazama tukijaribu magneto moja moja kwa mizunguko 1,700 kwa dakika, kwa ya kushoto mizunguko ikawa inaporomoka kupita kiasi na injini inatetemeka. Mimi nikaona hapo tayari kuna bili. Yeye akasema, "Mzee wangu, usizime. Ongeza mizunguko kidogo, vuta mchanganyiko hadi karibu ikatike, iache ijipashe." Mchanganyiko ni ule mkono wa kupunguza au kuongeza mafuta kwa hewa. Tukafanya hivyo. Tukarudia jaribio, magneto safi. Akatueleza taratibu: Wilson iko futi 5,500 na ushee juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na ukitembea ardhini kuelekea barabara ya kurukia na mchanganyiko umesukuma mbele kabisa, injini inapata mafuta mengi kupita kiasi kwa hewa iliyopo. Avigesi ya 100LL, petroli yetu ya ndege, ina madini ya risasi, risasi inaganda kwenye plagi. Bana mchanganyiko ukiwa ardhini, alisema, tena bana sana, kiasi kwamba ukisahau ukasukuma throtoli ili uruke, injini yenyewe itakataa na kukukumbusha. Na mchana wa Januari, joto likifika nyuzi 27, ndege yako inaona kama iko futi 8,000, kwa hiyo hata wakati wa kuruka usijaze mafuta kama uko Mombasa.

Kuna neno la uongo hapo? Hakuna. Hata leo nafanya hivyo. Mtu akikupa bure kitu kinachofanya kazi mbele ya macho yako, utamdai cheti cha nini?

Siku nyingine akaja na hoja ya nozeli. Nayo ni kweli. Kwenye hizi Continental za silinda sita, nozeli zinamwaga mafuta bila kukoma, hata vali ya kuingizia ikiwa imefungwa. Mvuke wa silinda moja unasafiri kwenye bomba la pamoja na kuvutwa na jirani. Ndiyo maana ukibana mchanganyiko, silinda moja inaanza kukohoa huku nyingine bado imeshiba, na rubani anarudisha mafuta kwa zote sita kwa ajili ya hiyo moja yenye njaa. Dawa yake ipo: nozeli zenye vipimo tofauti kwa kila silinda ili zote zifike kilele cha joto la moshi karibu pamoja. Kampuni ya GAMI ya Ada, Oklahoma, Marekani, wanazitengeneza tangu miaka ya tisini, na hawa GAMI hawana kosa lolote katika hadithi hii. Jamaa akasema anazo zao, seti moja, imebaki kwa mteja aliyeuza ndege.

Sasa tazameni ujanja. Ijumaa jioni akafungua nozeli zetu zote sita, kila moja akaitia kwenye kijifuko chenye namba ya silinda, akasema anakwenda kuzilinganisha na zake ili ajue ipi ikae wapi. Fundi wetu mwenye leseni alikuwa Lodwar kikazi. Jumamosi asubuhi jamaa akarudi na kisanduku chenye sponji ndani, nozeli sita zinang'aa, kila moja imechorwa herufi ubavuni. Akatoa na nakala ya karatasi ya 8130-3, cheti cha Marekani cha kuthibitisha kipuri cha ndege, mhuri upo, saini ipo. Nani kati yenu husoma karatasi ile namba kwa namba akiwa na kikombe cha chai mkononi? Msinidanganye.

Akafunga. Akawasha laptopu, akaiunganisha na kile kipimo chetu cha silinda, mita inayosoma joto na mtiririko wa mafuta, tukawasha injini hapo hapo nje ya hanga. Safu sita za joto la moshi zikasimama sawa, hakuna iliyozidi nyingine. Daktari akapiga makofi! Kisha mimi nikapokea simu ya nyumbani, na jamaa akabaki peke yake ndani akisema "anaisomesha mita vipimo vipya". Dakika chache tu. Hapo ndipo kazi yote ilipofanyika, na mimi nimesimama pembeni ya bawa naongea habari za fundi wa bomba.

Tukaruka kuelekea Magadi. Futi 8,500, throtoli yote ndani, mizunguko 2,400. Kwa mwendo huo sisi huwa tunasoma galoni 14.8 kwa saa, miaka yote. Akaniambia, "Mzee, shika mwenyewe, vuta polepole, mimi sigusi kitu." Nikavuta. 14. Injini tulivu. 13. Tulivu. 12.3, na haitikisiki hata kidogo! Zamani tungekuwa tumeshaanza kutazama chini kutafuta mahali pa kutua. Kasi haikushuka hata knoti mbili. Joto la vichwa vya silinda likabaki palepale karibu nyuzi 380 za Fahrenheit. Nikamuuliza, mbona kasi haijashuka? Akacheka kwa upole wake ule, akasema, "Mzee wangu, wewe una mkono mwepesi. Marubani wengi hawawezi kuvuta hivyo." Kilemba cha ukoka, nikavikwa futi 8,500 juu.

Tulipotua nikalipa kwa M-Pesa nikiwa bado na vipokea sauti shingoni. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke nisiyemjua. Akasema ni mke wake. Nikabonyeza.

Tukaishi hivyo, tukijisifu kwa kila mtu. Nadhani watu wawili walichukua namba yake kutoka kwetu, na nimeshawapigia.

Kisha tukaenda Ukunda na kurudi. Mita ikasema tumetumia galoni 44, ambazo ni kama lita 167. Bauza, lori la mafuta, ikamimina lita 200 ndipo matangi yakajaa kama yalivyokuwa. Daktari akaanza kumfokea kijana wa bauza, kwamba anatuibia. Kijana wa watu akasimama tu anatutazama. Tukachukua kijiti cha kupimia, tukahesabu upya, na bauza ilikuwa sahihi. Lita 33 hazikuwepo kwenye mita yetu. Kwa injini hii hizo ni zaidi ya nusu saa hewani. Yaani ile akiba ya nusu saa unayotakiwa kubaki nayo, sisi tulikuwa tunaisoma kwenye skrini na kwenye tangi haimo. Mke wangu alikuwa kwenye safari ile. Mjukuu pia.

Fundi wetu aliporudi kutoka Lodwar hakufungua hata kifuniko kwanza. Aliingia kwenye menyu ya mita. Ile mita haipimi galoni; inahesabu mipigo ya kigurudumu kidogo kinachozungushwa na mafuta, kisha inagawanya kwa namba iliyowekwa na aliyeifunga. Kwenye karatasi zetu za ufungaji namba ni 29.0. Tuliyoikuta ni 34.8. Pandisha ile namba, na kila galoni sita zinazopita zinasomeka tano. Ni mizani ya muuza nyama iliyolegezwa springi, basi, hakuna sayansi nyingine. Pale juu ya Magadi injini ilikuwa inakunywa 14.8 yake ileile ya siku zote, ndiyo maana ilitulia, ndiyo maana kasi haikushuka.

Halafu akafungua nozeli. Akazifunga kwenye mabomba yake nje ya silinda, akaweka chini ya kila moja chupa, chupa sita zinazofanana, akawasha pampu ya umeme. Zote sita zikajaa sawasawa. Mimi nikafurahi! Akaniangalia kwa huruma. "Mzee, za kusawazishwa hazijai sawa. Hiyo ndiyo maana yake." Kisha akageuza ya silinda ya 3 kwenye mwanga, akanionyesha kovu la spana karibu na nyuzi za kukazia, kovu alilolitia yeye mwenyewe miaka iliyopita akizisafisha.

Zilikuwa nozeli zetu. Jamaa alizichukua Ijumaa, akaziosha, akachora herufi kwa sindano, akatuuzia Jumamosi kwa shilingi 180,000.

Sheria ya adhabu, kifungu cha 313, kupata mali kwa njia ya udanganyifu, inasema kifungo kisichozidi miaka 3. Miaka 3! Kwa mtu aliyebadilisha namba ya mafuta kwenye ndege ya watu, akajua wataruka nayo hadi pwani juu ya Tsavo usoni mwa tembo, akatabasamu na kusema una mkono mwepesi! Huyu si mwizi wa simu Gikomba. Tumepeleka habari kwa wapelelezi wa DCI na kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na nataka kila aliyeguswa naye aandike taarifa, kwa sababu kesi ya mlalamishi mmoja unajua inavyozeeka kwenye faili. Apigwe marufuku kuingia langoni. Picha yake ibandikwe kwa askari. Na yule aliyemchapishia ile karatasi ya 8130-3 atafutwe naye, maana leo ni nozeli, kesho atabandika mhuri huo huo kwenye propela.

Mnaniuliza dalili. Dalili zilikuwepo, haya. Hakutia saini kwenye kitabu cha injini. Alisema atarudi Jumatatu. Ile karatasi ilikuwa nakala, na namba yake haikulingana na chochote kwenye kisanduku. Pesa zilikwenda kwa jina lisilo lake. Alipenda kufanya kazi wikendi, fundi wetu akiwa hayupo, na sidhani ilikuwa bahati.

Na za injini yenyewe: joto la moshi kusomeka sawa kwenye silinda zote, tena ardhini, halina maana yoyote, linategemea tu tundu la kihisi limetobolewa wapi kwenye bomba. Kinachotakiwa ni kubana polepole ukiwa angani na kuandika mtiririko wa mafuta kila silinda inapofika kilele chake. Kati ya ya kwanza na ya mwisho isizidi kama nusu galoni kwa saa. Hilo hakulifanya. Na ukibana kweli hadi kupita kile kilele, upande wa mafuta machache, knoti kadhaa zinakwenda na vichwa vya silinda vinapoa. Mtu akikupunguzia galoni mbili na nusu, kasi ileile na joto lilelile, amekupunguzia namba. Kama amewahi kukaa peke yake kwenye chumba chenu cha rubani, msiruke kabla ya kuangalia namba ya mipigo na kupima matangi kwa kijiti. Leo, si wikendi.

Mara ya mwisho ameonekana Orly, akiulizia nani ana ndege ya Bonanza.

Na wewe uliyenitambulisha kwake pale kwenye chai, ukaniambia ni "kijana wetu", shika simu yangu. Najua unaiona inapolia.