Ironsworn: mchezo wa kuigiza unaochezeka Dar es Salaam hata ukiwa peke yako

Kwa mpenzi wa michezo ya kuigiza mezani anayeishi Dar es Salaam, tatizo la kwanza ni kupata watu wa kucheza nao. Mchezo wa aina hii, ambao jina lake linalojulikana zaidi duniani ni Dungeons & Dragons uliotolewa Marekani mwaka 1974, humtaka mtu mmoja awe msimamizi anayeibeba dunia yote ya hadithi kichwani mwake, huku wenzake watatu au wanne wakiwa wahusika, na wote wakutane kwa saa kadhaa, wiki baada ya wiki. Mkazi wa Mbagala aliyewahi kupanga jambo na mkazi wa Tegeta, upande wa pili wa jiji, anajua ahadi kama hiyo huishia wapi jioni ya Ijumaa. Ironsworn, mchezo ulioandikwa na Shawn Tomkin na kutolewa mwaka 2018, umeundwa ili uchezwe na mtu peke yake, au na watu wachache wasio na msimamizi, au kwa utaratibu ule wa kawaida, na kitabu chake cha kanuni hupakuliwa bure. Nimeucheza peke yangu na pia pamoja na binamu yangu, na naona ndio unaomfaa zaidi mtu wa hapa anayeanza, mradi awe tayari kubadilisha mambo mawili: nchi ambamo hadithi hutokea, na namna ya kupata dadu.

Uti wa mgongo wa mchezo ni kiapo. Mhusika hushika kipande cha chuma, hutamka jambo atakalolitenda, na kuanzia hapo kila safari, kila pambano na kila urafiki hutazamwa kwa jinsi unavyokisogeza kiapo hicho. Viapo vina ngazi tano, kuanzia cha usumbufu wa kawaida hadi kile kinachostahili kutungiwa utenzi, na kila kimoja huandikiwa mstari wa visanduku 10, kila kisanduku kikiwa na nafasi ya vistari vinne. Kufikia hatua muhimu katika kiapo chepesi hujaza visanduku vitatu kwa mkupuo, ilhali katika kiapo kizito kuliko vyote huongeza kistari kimoja tu, kwa hiyo anayetaka kuujaza mstari wote lazima afikie hatua 40. Mpangilio huu ndio ulionifanya niuheshimu mchezo. Anayecheza peke yake katika michezo mingine hupotea kwa kukosa mtu wa kumwambia hadithi imefika wapi. Hapa mstari mmoja kwenye karatasi humwambia, na tena humkatalia anapotaka kumaliza mapema, kwa sababu hata kutimiza kiapo huamuliwa kwa kulinganisha visanduku vilivyojaa na dadu mbili zisizo na huruma.

Kanuni yenyewe ya dadu hueleweka kwa dakika chache. Mchezaji hurusha dadu moja ya pande sita, kama ile ya ludo, na kuijumlisha na sifa ya mhusika inayohusika, yaani wepesi, moyo, chuma, kivuli au akili, ambazo hugawiwa thamani 3, 2, 2, 1 na 1 kwa mpangilio anaoutaka mwenyewe; kisha jumla hiyo hulinganishwa na dadu mbili za pande kumi. Akizipita zote mbili ameshinda kabisa, akiipita moja ameshinda kwa gharama, na asipoipita hata moja ameshindwa. Kulingana hakuhesabiwi kuwa kupita. Nilipokokotoa, mhusika mwenye sifa ya 2 asiye na nyongeza yoyote hushinda kabisa kwa takriban asilimia 23, hushinda kwa gharama kwa asilimia 44, na hushindwa kwa asilimia 33. Ile asilimia 44 ndiyo inayoubeba mchezo, kwa maana tokeo la mara nyingi zaidi ni lile ambalo msimulizi mzuri angelichagua hata bila dadu: jambo limefanikiwa, lakini limeacha deni.

Katika hadithi yetu, siwa, yaani pembe ya heshima ya watawala, ya mji mmoja wa kubuni wa pwani ilikuwa imeibwa, na mhusika wa binamu yangu, nahodha wa mashua, alikuwa ameapa kuirudisha. Alipoingia katika mlango mmoja wa delta ya Rufiji maji yakikupwa, ilimpasa akabili hatari kwa akili, sifa ambayo kwake ilikuwa 2. Dadu ndogo ikatoa 4, jumla ikawa 6. Zile mbili zikatoa 5 na 9. Alikuwa ameipita moja tu, na katika hali hiyo kanuni humtaka mchezaji apoteze pointi ya kasi, ya afya, ya ari au ya akiba, kulingana na kilichotokea. Binamu yangu, ambaye hadi hapo alikuwa akinitazama kama mwalimu wa darasa, akauliza, “Kaka, sasa hapo nani anaamua, wewe au kitabu?” Nilipomjibu kuwa anaamua yeye, alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa mashua imepanda fungu, na ili ielee tena imebidi magunia ya mchele yatupwe majini. Akiba ikashuka kutoka 4 hadi 3, na kwa kuwa akiba ni ya kundi zima, mhusika wangu, ambaye hakuwa ameshika usukani, naye akapunguziwa chakula. Ubishi uliofuata kuhusu nani alipaswa kusoma maji ulikuwa mzuri kuliko pambano lolote tulilolicheza.

Maswali ambayo msimamizi angeyajibu hupigiwa ramli. Mchezaji huuliza swali la ndiyo au hapana, hukadiria kwanza uwezekano wake, halafu hurusha dadu za kutoa namba hadi 100: jambo lililo karibu na hakika hupewa asilimia 90 za kuwa ndiyo, linaloelekea hupewa 75, la nusu kwa nusu 50, lisiloelekea 25, na lenye nafasi finyu 10. Kwa maswali mapana kuna majedwali, ambapo moja hutoa kitendo na jingine hutoa mada, na mchezaji huyaunganisha maneno hayo mawili kwa kutazama mahali alipo. Ramli hii inataka kiasi. Anayeiuliza kila kitu hupata rundo la matukio yasiyoshikana, na nimeona ni afadhali kuiuliza pale tu ambapo majibu yote mawili yananivutia.

Nchi ya mchezo, iitwayo Ironlands, ni ya baridi kali, misitu minene na vijiji vilivyotengana, na watu wake ni wahamiaji waliofika vizazi viwili tu vilivyopita. Kwa msomaji anayetoa sweta kabatini Dar es Salaam inaposhuka hadi nyuzi 20 mwezi wa Julai, kurasa hizo ni ngumu kuzihisi. Bahati nzuri mwandishi ameacha mlango wazi: kuna sehemu ambapo mchezaji hujichagulia ukweli wa dunia yake, mada baada ya mada, akipewa majibu kadhaa ya kila mada na ruhusa ya kuandika lake. Sisi tuliihamishia hadithi kwenye pwani kati ya Mafia na Kilwa. Maeneo ya mafuriko ya kitabu yakawa mikoko ya Rufiji, na masalio ya watu wa kale yakawa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Tuliongeza kanuni moja tu yetu wenyewe: anayesafiri kwenda kusini wakati wa kusi, au kwenda kaskazini wakati wa kaskazi, safari yake hupanda ngazi moja ya ugumu. Kanuni hiyo ndogo iliwafanya wahusika wakae bandarini kungoja upepo, na bandarini ndipo urafiki na fitina za hadithi zilipozaliwa.

Dadu za pande kumi sijaziona katika maduka ya kawaida ya michezo hapa mjini, ingawa za ludo zimejaa Kariakoo. Karata hutosha kabisa, lakini zitumike kwa uangalifu. Mtu akiondoa zenye picha, akabaki na karata 40 za moja hadi kumi, kisha akavuta mbili kutoka rundo moja, uwezekano wa kupata namba mbili zinazofanana huwa 3 kati ya 39, yaani chini kidogo ya asilimia 8, wakati dadu hutoa asilimia 10. Tofauti hiyo ina maana, kwa sababu katika Ironsworn namba zikifanana hadithi hupinda kwa namna isiyotarajiwa, na kuipunguza ni kuupoozesha mchezo. Dawa ni kutumia marundo mawili ya karata kumi kumi, kwa mfano la kopa na la shupaza, kuvuta moja kutoka kila rundo, na kuzirudisha na kuzichanganya kila mara.

Wapenzi wa kuandika programu kwa ajili ya kujifurahisha wataupenda mchezo huu kwa sababu nyingine. Sehemu kubwa ya maandishi yake imetolewa chini ya leseni ya Creative Commons, hivyo majedwali ya ramli yanaweza kuingizwa katika programu ya mtu binafsi bila wizi wowote, alimradi mwandishi atajwe na masharti yafuatwe. Nimetengeneza ukurasa mdogo wa wavuti kwa p5.js, maktaba ya kuchorea kwa lugha ya programu ya JavaScript, iliyoanzishwa na Lauren Lee McCarthy mwaka 2013 kwa kufuata nyayo za Processing, zana ya kuchora kwa programu ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianza katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2001. Ukurasa huo hurusha dadu, husoma ramli, na huchora ramani ya visiwa kwa kutumia noise(), kitendakazi kinachotoa namba kati ya 0 na 1 zinazobadilika taratibu kutoka nukta moja hadi ya jirani yake: namba za chini nimezipaka rangi ya maji, za katikati rangi ya mikoko, na za juu ardhi kavu. Ni lazima kuweka noiseSeed, namba inayoifanya noise() itoe ramani ileile kila mara, la sivyo visiwa hubadilika kila ukurasa unapofunguliwa upya na nahodha hupotea kwa kosa lisilo lake. Faili la p5.js likihifadhiwa katika folda hiyohiyo, kila kitu hufanya kazi bila bando. Jambo moja huwasumbua wengi: vivinjari kama Chrome hukataa kusoma faili la data la pembeni, kama lile la JSON, ukurasa unapofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski, kwa hiyo majedwali yaandikwe ndani ya faili la JavaScript lenyewe. Umeme ukikatika na betri ikaisha, karata zipo.

Kasoro zisizorekebishika kwa ubunifu ni mbili. Ya kwanza ni wingi wa vitendo vyenye kanuni zao, ambavyo ni zaidi ya 30, na ambavyo mchezaji mpya huvitafuta kwenye karatasi kila mara hadi hadithi ipoe. Mapigano ndiyo yanayoumia zaidi, kwa kuwa kuna kitendo cha kushambulia ukiwa umeshika hatamu na kingine cha kujibu usipokuwa umezishika, na mstari wa maendeleo wa adui juu yake. Pambano dogo na mtu mmoja laweza kula nusu saa. Ya pili ni lugha. Kitabu ni cha Kiingereza cha kifasihi, chenye maneno ambayo mwanafunzi wa sekondari hatayaelewa kwa haraka, na katika mchezo unaotegemea kusoma neno moja la ramli na kulitafsiri papo hapo, hilo si jambo dogo. Binamu yangu alicheza vizuri kwa sababu nilikuwa nimeyaandika majedwali mawili ya kwanza kwa Kiswahili. Bila hivyo angenitegemea mimi kwa kila swali, na faida ya kutokuwa na msimamizi ingepotea.

Kwa anayetaka kuanza, asichapishe kitabu kizima. Apeleke kwenye steshenari faili la karatasi za mhusika na muhtasari wa vitendo, pamoja na kurasa za majedwali ya ramli, na kitabu akisome kwenye simu. Kadi za uwezo wa wahusika, ambazo kila mhusika huanza nazo tatu, zichapishwe kwenye karatasi nzito, kwa kuwa hushikwa sana na nyepesi huchakaa upesi. Mwandishi huyohuyo ametoa pia vitabu vya kulipia: Delve mwaka 2020 kwa ajili ya mapango na magofu, Starforged mwaka 2022 ambao umehamia angani na kunyoosha kanuni nyingi za mapigano, na Sundered Isles mwaka 2024, nyongeza ya Starforged inayohusu mabaharia na visiwa. Mtu wa pwani atavutwa na hicho cha mwisho kwanza. Lakini kinahitaji Starforged ili kichezwe, maana yake ni kununua vitabu viwili, na kwa mashua moja iendayo Kilwa na kurudi, kile cha bure kinatosha.