Daftari la malengo la shilingi 15,000, baada ya miezi 12

Daftari hili nililinunua Desemba 2024 katika duka la vifaa vya kuandikia pale Kariakoo, kwa shilingi 15,000 baada ya kupatana, nikiwa na neno lile lile ambalo nimekuwa nikilitamka kila mwisho wa mwaka tangu nipate kiwanja Chanika: "Mwaka huu nijenge." Nimelitumia mwaka mzima, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa daftari lolote la aina hii, kwa hiyo naweza kulieleza uzuri wake na ubaya wake.

Kwa umbo si baya. Jalada ni gumu, karatasi ni nzito na haipitishi wino, na lina utepe wa kuwekea alama. Gundi ya mgongo, hata hivyo, ilianza kuachia mwezi Agosti na kurasa zikawa zinachomoka. Nilizishona kwa uzi wa cherehani, maana ushonaji ndiyo kazi yangu, ila mnunuzi mwingine hapaswi kutegemewa kufanya hivyo.

Thamani yake hasa imo katika kurasa za mwanzo, ambazo hazikuruhusu uandike matakwa yako kisha ufunge daftari ukalale. Chini ya kila takwa kuna maswali matano (unataka nini hasa, utakipimaje, kinafikika, kina uhalisia, na kitakamilika lini), na neno langu la "nijenge" lilikwama kwenye swali la kwanza tu, kwa sababu nyumba haisimami kwa mwaka mmoja kwa kipato cha cherehani moja, na hilo nililijua siku zote bila kulikubali. Baada ya kufuta mara tatu nilibaki na sentensi hii: kufikia tarehe 31 Desemba 2025 niwe nimelipia matofali 500 ya inchi 6. Kwa bei ya shilingi 1,400 kila tofali, nilichokuwa nakitafuta ni shilingi 700,000, na kiasi hicho, tofauti na nyumba, naweza kukihesabu kikipita mkononi mwangu.

Maswali hayo yanatokana na makala ya Mmarekani George T. Doran ya mwaka 1981, aliyoiandika kwa ajili ya mameneja wa makampuni. Waliotengeneza daftari wamefanya badiliko moja ambalo mimi naliona ni hasara: pale ambapo Doran aliuliza kazi itafanywa na nani, wao wameuliza kama lengo linafikika. Swali la nani ndilo lililonisaidia zaidi nilipoliongeza mwenyewe pembeni kwa kalamu, kwani matofali yanayoachwa kiwanjani bila mtu huondoka usiku. Kaka yangu anayeishi jirani na kiwanja alikubali kuwa ndiye anayehesabu na kupokea, na jina lake likaandikwa.

Kasoro kubwa ni kwamba daftari limemdhania mtumiaji kuwa mtu wa mshahara. Linagawa kila lengo kwa miezi 12 iliyo sawa, na mwezi usiofikia kiwango unawekewa alama ya msalaba mwekundu. Januari, kwa fedha za sare za shule, nililipia matofali 50 bila shida. Februari sikulipia hata moja, kwa kuwa wateja walikuwa wamemalizwa na ada, na ule msalaba ukanifanya nisilifungue daftari kwa wiki tatu. Lilipokuja suala la nguo za Idd mwezi Machi, nilibandika karatasi juu ya jedwali la miezi na kuandika kipimo changu: kila gauni moja ninalomaliza, matofali manne. Tangu hapo sikuhitaji kujiuliza mwezi umekwenda vipi. Nilimaliza mwaka nikiwa nimeshona magauni 90 ya hesabu hiyo, yaani matofali 360, na pamoja na yale ya Januari yakafika 410. Sikutimiza 500, lakini kwa miaka mitano iliyotangulia sikuwa na tofali hata moja.

Sehemu nyingine sizitumii. Maneno ya hamasa ya kila Jumatatu yanakula nafasi ambayo ingetosha kuandikia oda, na kurasa za kuhesabu bilauri za maji niliziacha wiki ya pili.

Kwa mwenye mshahara wa tarehe maalumu, ninalipendekeza bila wasiwasi, mradi alishike kwa uangalifu kwenye mgongo. Kwa fundi, mama lishe, bodaboda au mkulima, linafaa kwa zile kurasa za mwanzo tu, na kipimo cha safari, cha sahani au cha gunia itabidi akibuni mwenyewe. Toleo la 2026 nimelinunua kwa shilingi 17,000; kabla ya kuandika chochote nilipaka gundi mgongoni na kufunika jedwali la miezi, na mstari wa kwanza unasema matofali 90 yaliyobaki, kisha mifuko ya saruji ya msingi.