CATME kwa wahadhiri wa uhandisi: inapofaa na inapoishia

Kila anayesimamia miradi ya usanifu kwa wanafunzi wa uhandisi anamjua mtegaji: vikaoni haonekani, kisha siku ya kuwasilisha anavuna alama zilezile za wenzake waliokesha. CATME, mfumo wa mtandaoni wa kupanga vikundi vya wanafunzi na kuwafanya wapimane, unaoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, unamfichua vizuri. Ila anayedhani mfumo huu utawafundisha wanafunzi kuijali jamii pia ataambulia nusu ya alichotaka.

Sehemu ya kupanga vikundi ndiyo inayostahili sifa zaidi. Wanafunzi hujaza dodoso kuhusu ratiba zao, ujuzi wao na mwelekeo wao wa kuongoza. Mhadhiri huchagua maswali na kulipatia kila moja uzito wake: hili liwakusanye wanaofanana, lile liwachanganye wanaotofautiana. Ratiba ipewe uzito mkubwa kuliko vyote. Kikundi chenye vipaji vyote lakini kisicho na saa mbili za pamoja kwa wiki hakisanifu kitu. Kila mtu hutengeneza kipande chake, vinaunganishwa usiku wa mwisho, na hapo ndipo inapogundulika kwamba matundu ya bamba hayalingani na boliti. Mfumo unaweza pia kuelekezwa usimweke msichana peke yake kati ya wavulana, na tunashauri sana nafasi hiyo itumike. Aliye peke yake mara nyingi hukabidhiwa kalamu aandike kumbukumbu za kikao huku wengine wakishika vifaa, na muhula unaisha hajagusa mashine. Wanne au watano wanatosha. Wakiwa watatu, ni rahisi kukisia nani kampa nani alama gani.

Katika tathmini, kila mwanafunzi hujipima na kuwapima wenzake, 1 hadi 5, kwenye maeneo matano: mchango wake katika kazi, anavyoshirikiana na wenzake, anavyosaidia kazi isitoke kwenye mstari, anavyodai ubora, na ujuzi alionao. Alama za 5, 3 na 1 zimeelezwa kwa vitendo, kwa hiyo anayepima analazimika kukumbuka alichokiona, si anayempenda. Upo uwezekano wa kuwapa kwanza zoezi la kuwapima wanakikundi wa kubuni. Zoezi hilo lisirukwe, maana wasiozoea hugawa 5 kwa kila mtu ili mambo yaishe.

Matokeo huja na kigezo cha kurekebisha alama, ambacho msingi wake ni wastani wa mwanafunzi kugawanywa kwa wastani wa kikundi. Mwenye 3.2 katika kikundi cha 4.0 anapata 0.80, mradi wa alama 75 unamwachia 60. Kosa kubwa ni kuzidisha tu na kutangaza. Mfumo hutoa pia tahadhari, kwa mfano kwa anayejipa alama za juu kuliko anazopewa na wenzake, au kwa wachache waliojitenga na kupeana alama wao kwa wao. 0.80 ya aliyetengwa si 0.80 ya mtegaji, na tofauti hiyo inajulikana kwa kuwaita na kuwasikiliza. Tathmini ya kwanza ifanyike ndani ya theluthi ya kwanza ya muhula, bila kuhesabiwa, mtu apate muda wa kujirekebisha.

Sasa upungufu wake. Wanafunzi wanaweza kupeana 5 kwa haki kabisa, huku wamesanifu pampu ya mkono yenye mpini usiofikiwa na mtoto atakayetumwa maji, kwa sababu hakuna aliyemuuliza mtumiaji. Vigezo vya ABET, shirika la Marekani linaloidhinisha programu za uhandisi, vinadai vyote viwili: ushirikiano katika kikundi, na usanifu unaozingatia afya, usalama, utamaduni na jamii. CATME inagusa cha kwanza. Cha pili kinamhitaji mhadhiri mwenyewe: watumiaji wahojiwe kabla ya mchoro wowote, kielelezo kilichotengenezwa kwa maboksi kipelekwe kwao kikiwa bado kibaya, na ripoti ionyeshe ni kipimo gani kilibadilika baada ya maoni yao. Wakileta nukuu nzuri za mahojiano na mchoro uleule wa wiki ya pili, hawajasikiliza.

Kwa darasa la vikundi kumi na kuendelea, huduma hii inafaa, hasa kwa upangaji. Mwenye vikundi vitatu hana haja nayo. Karatasi ya maeneo matano na nusu saa ya mazungumzo na kila kikundi vinatosha.