Tahadhari: tapeli wa safari za Shimba Hills na Wasini

Jamani, kama una wageni wanakuja Mombasa na unapanga kuwatembeza, soma hii kabla hujamtumia mtu pesa.

Jamaa tulimpata Facebook. Anaweka picha za maporomoko ya Sheldrick na pomboo wa Wasini, na maneno yake matamu, dada yangu huku, dada yangu kule. Tulikuwa sita, wanne wametoka Nairobi kwa treni ya SGR. Bei yake 3,800 kila mtu: Jumamosi Shimba Hills kwa miguu, Jumapili mashua kutoka Shimoni. Akazitaka zote mapema. Ati till, ile nambari ya M-Pesa ya biashara, inasumbua, tutume kwa nambari ya simu. Tukatuma 22,800. Jina lililotokea M-Pesa ni la mwanamke. Akasema ni mkewe, ndiye anayeshika hesabu.

Siku ya safari hakutokea. Alituma picha ya risiti, akasema tutangulie Kwale, atatukuta getini. Tukakodi matatu wenyewe. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, akaikuza ile picha kwa vidole, akatuonyesha: tarehe imeandikwa juu ya nyingine, na ile ya zamani bado inachungulia chini yake. Kutafuta nambari ya risiti, haipo. Tukapiga simu, mteja hapatikani. Mgeni wetu mmoja alilia pale pale, na ndiyo mara yake ya kwanza kufika Pwani. Hilo limeniuma kuliko pesa.

Tulilipa upya tukaingia. Sasa jueni: KWS hawapokei pesa taslimu getini, na kiingilio chao hakitumwi kwa simu ya mtu. Cha Shimba Hills, na cha hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti pia, unalipa mwenyewe kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Na wanaokusindikiza hadi kwenye maporomoko ni askari wao, kwa sababu ya ndovu, si mtu wa kuokotwa mtandaoni. Kwenye hesabu yake alitia hata shilingi 150 za feri kwa kila kichwa, ilhali Likoni anayevuka kwa miguu halipi kitu. Mimi mwenyeji, ningeshtukia hapo.

Wasini hatukufika. Ujumbe wa M-Pesa tuliupeleka kwa nambari 456 ya Safaricom kuomba pesa zirudishwe, lakini alikuwa keshazitoa. Polisi tumeandikisha, nambari ya OB, kitabu chao cha matukio, tunayo. Kama nawe amekula zako, niandikie faraghani tuzipeleke kesi pamoja.