TAHADHARI: Muuza randa wa Gerezani, Dar, ameniingiza mjini

Siku ya tatu hii naona aibu kuandika. Miaka yote na mninga, halafu napigwa kama mwanafunzi wa karakana.

Nikasema natafuta randa ya maana. Jumamosi nikashuka Gerezani. Yule bwana hakuniita, mimi ndiye niliyemfuata, na hapo ndipo aliponiweza. Anafuta tupa zake taratibu, randa iko pembeni kwenye gazeti: Stanley namba 5, ile ya inchi 14. Nauliza bei, ananijibu, "Hiyo siuzi kwa kila mtu, ya marehemu mzee." Akachomoa kisu cha randa, akajinyolea nywele za mkono palepale. Akakirudisha, akapiga ubao wa paini, maranda yakatoka marefu, membamba, yanajikunja kama utepe. Wewe ungefanyaje? Kutu ilikuwepo kidogo, nikasema hiyo ni kazi ya msasa. Kutoka 120,000 nikamshusha hadi 85,000, nikajiona mjanja. Eti akaniongezea na kinoo bure!

Nyumbani nikaiosha kwa petroli, nikapitisha brashi ya waya. Rangi nyeusi ikavuka, chini yake kitu cha kijivu kinabanduka kama ukoko: fila, ile ya kuzibia mabodi ya magari. Ufa unatoka mdomoni, pale kisu kinapochomoza, hadi ubavuni. Nikikaza kisu unafumbuka, nikilegeza unafumba, kama inanicheka. Fundi wa kuchomelea kaikataa. Chuma cha kalibu, yaani cha kumimina, ukikipasha hovyo kinapasuka pembeni ya pale ulipoziba.

Jumatatu nimerudi, meza haipo. Jirani yake akaniangalia mkononi: "Na wewe?"

Huyu akamatwe! Hela arudishe, ndiyo, lakini kwanza apewe randa hiyohiyo na ubao wa mkongo wenye mafundo, apige mbele yetu hadi magharibi, kisha polisi. Anakula jasho la mafundi huku anamsingizia marehemu.

Mtakaonunua: randa kuukuu yenye rangi mpya, jiulize. Igonge kwa msumari, nzima inalia, yenye ufa inatoa sauti ya kibuyu. Au ipake mafuta ya taa, futa, pitisha chaki. Penye ufa chaki inalowa. Na kajaribie mninga wako mwenyewe, paini inakatwa hata na randa iliyolegea.

Kisu ni kizima kabisa. Mwenye bodi ya namba 5 anitafute, ila tutakutana mchana, na chaki nakuja nayo.