Mkopo wa kuokoa Ugiriki: bei nzuri, masharti kichwa chini

Ukiutazama kwa riba na muda wake wa sasa, mkopo huu hauna mpinzani. Ugiriki iliuchukua mara tatu, 2010, 2012 na 2015, na marejesho kwa mifuko ya Ulaya yanaendelea hadi 2070. Benki gani ya biashara itakupa hayo?

Ila bidhaa ya Mei 2010 ilikuwa nyingine kabisa. Euro bilioni 110: nchi za euro ziliahidi 80, IMF 30. Kwa zile za nchi za euro, bei ilikuwa Euribor ya miezi mitatu (riba ambayo benki za Ulaya hukopeshana) na asilimia 3 juu yake, ikipanda hadi 4 baada ya miaka mitatu, bila kusahau ada ya nusu asilimia. Mkataba wa Ulaya unakataza nchi kubebeana madeni, kwa hiyo ilibidi mkopo uonekane mkopo hasa, na mkopaji aonje uchungu. Mwisho wa 2012 nyongeza hiyo ilishushwa hadi nusu asilimia. Yaani wauzaji wenyewe walikiri kuwa bei haikulipika.

Utoaji ndio unaokera. Fedha huja kwa awamu: wakaguzi wa Kamisheni ya Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na IMF wanapitia orodha ya masharti, mawaziri wa fedha wanaridhia, mabunge kadhaa yanapiga kura, ndipo hela inaingia. Hatifungani, yaani hati ya deni la serikali, inapoiva na kudai kulipwa haisubiri mlolongo huo. Juni 2015 mazungumzo yalikwama, benki zikafungwa, na mteja akaruhusiwa kutoa euro 60 kwa siku. Noti za 20 zilipokwisha, baadhi ya mashine zilitema 50 tu.

Sasa masharti. VAT ilitoka asilimia 19 hadi 23 ndani ya 2010. Mwaka 2012 kima cha chini cha mshahara kikashushwa kutoka euro 751 hadi 586 kwa mwezi, na kwa walio chini ya miaka 25 kikakatwa zaidi. Hesabu iliyokosewa ni hii: deni hupimwa kwa pato la taifa. Ukibana hadi pato lianguke, uwiano unapanda hata kama hukukopa senti. Ugiriki ilipoteza takriban robo ya pato lake, na deni lililokuwa karibu asilimia 127 mwaka 2009 likavuka 170 mwaka 2011. Wachumi wa IMF wenyewe, Blanchard na Leigh, walionyesha 2013 kwamba makadirio yalipunguza mno makali ya kubana matumizi.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kitu ambacho hakikuwemo: kukata deni. Athens ilistahili lawama, maana nakisi ya bajeti ya 2009 iliyotangazwa chini ya asilimia 4 ya pato iliishia zaidi ya 15. Lakini aliyemkopesha naye alipima hatari vibaya, na mwaka 2010 hakukatwa hata kidogo. Hatifungani zilizoiva zililipwa kamili, zikiwemo za benki za Ufaransa na Ujerumani. Mkato wa asilimia 53.5 ulikuja Machi 2012. Waliobaki na hatifungani hizo kufikia hapo ni pamoja na benki za Ugiriki na mifuko ya pensheni, na benki hizo zikahitaji mtaji mpya kutoka mkopo uleule!

Toleo jipya, ESM, mfuko wa kudumu wa kuokoa nchi za euro ulioko Luxembourg wenye uwezo wa kukopesha bilioni 500, ni bora. Tangu 2013 hatifungani mpya za nchi za euro zina kifungu kinachowezesha uamuzi wa wadai wengi kuwabana pia wachache wanaogoma kukatwa. Maamuzi makubwa bado yanahitaji wanachama wote wakubaliane, kwa hiyo kasi usiitarajie.

Atakayelazimika kukopa kwenye mfuko wa aina hiyo, popote pale, adai mambo mawili kabla ya kusaini: deni likatwe mwanzoni, na awamu ya kwanza itoshe kulipia hatifungani zote za mwaka huo. Kwetu nako, itifaki ya sarafu moja ya Afrika Mashariki, iliyosainiwa Kampala 2013, imeweka ukomo wa nakisi wa asilimia 3 na deni asilimia 50 ya pato kwa thamani ya sasa. Ukomo tayari upo. Nchi ikiuvuka, mazungumzo ya mkato yangeanzia hapo.