Chombo cha ombwe au hotpoti? Uzoefu wangu wa kumbebea mama chakula kutoka Dar es Salaam hadi Iringa

Mama yangu ana kisukari, na saa zake za kula haziendani na saa za basi. Katika safari ya kwenda Iringa, ambayo ni takriban kilomita 500, basi husimama kwa chakula pale dereva anapoona panafaa, pengine saa 5, pengine saa 8, na dakika zinazotolewa hazimtoshi mtu wa umri wake kushuka, kupanga foleni na kula kwa utulivu. Kwa miaka mingi nimembebea chakula cha nyumbani ndani ya hotpoti, naye kwa miaka hiyo yote amekuwa akikila kikiwa vuguvugu bila kulalamika. Mwaka huu nilinunua Kariakoo chombo cha lita 1.5, cha chuma kisichoshika kutu, chenye kuta mbili na ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, katikati yake. Nililipa shilingi 68,000. Kwa kuwa fedha hiyo ingeninunulia hotpoti mbili nzuri, nilitaka kuwa na hakika kabla ya kumpakia mama kwenye basi.

Hotpoti yangu ina bakuli la chuma ndani, plastiki nje, na povu gumu katikati. Povu hupunguza kasi ya joto kutoka, lakini haliwezi kulizuia kama ombwe, ambamo hamna hewa ya kulipitisha. Kanuni hiyo ndiyo ya chupa ya chai yenye kioo ndani, iliyobuniwa na James Dewar mwaka 1892 alipokuwa akitafuta namna ya kuhifadhi gesi zilizopozwa hadi zikawa kimiminika. Sema kioo huvunjika basi linaporuka tuta, na chuma hakivunjiki.

Nilipika ndizi nyama, nikajaza vyombo vyote viwili moja kwa moja kutoka jikoni, kisha nikapima kwa kipimajoto cha jikoni baada ya saa 6. Chakula cha kwenye hotpoti kilikuwa na nyuzi 53, na cha kwenye chombo cha ombwe nyuzi 64. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kishikiliwe katika joto la zaidi ya nyuzi 60 hadi kinapoliwa, na kwamba kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Shauri hilo nalichukulia kwa uzito, hasa kwa wali, kwa sababu mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na sumu ambayo bakteria huyo huitoa wali unapopoa haiondoki hata ukiupasha moto upya.

Siku iliyofuata nilivijaza vyombo maji yanayochemka, nikavifunika kwa dakika 10, nikayamwaga na kutia chakula papo hapo. Baada ya saa 6 hotpoti ilikuwa na nyuzi 58 na chombo cha ombwe nyuzi 70. Chuma baridi hunyang'anya chakula joto lake kabla safari haijaanza, na hili muuzaji hakuniambia. Hakuniambia pia kwamba chombo kinapaswa kujaa: nilipokitia chakula hadi nusu tu, hata baada ya kukitanguliza kwa maji ya moto, joto lilishuka hadi nyuzi 57. Maandishi ya kwenye boksi yanadai saa 24, na kwa majaribio yangu mwenyewe sioni chakula kikifika huko kikiwa cha moto.

Siku ya safari nilipakia saa 10 na nusu alfajiri, na basi likaondoka Mbezi Luis saa 12. Hotpoti niliiwekea viazi vitamu vya kuchemsha, tukavila tulipofika Morogoro. Ndizi nyama niliviringisha chombo chake kwa kitenge, nikakiweka kwenye kikapu miguuni pangu badala ya kukipeleka kwenye buti. Nilipanga mama ale Mikumi saa 6, lakini nilipomwona amesinzia sikumwamsha mapema, na tulipofika Kitonga lori lilikuwa limekwama kwenye mteremko, foleni ikasimama. Nilifungua chombo saa 7 na nusu mchana, yaani muda wa saa 9 kamili tangu kupakia, na mvuke ukapanda. Kipimajoto kilisoma nyuzi 63. Mama alikula kwenye kiti chake, chakula cha moto, na akaniomba nimwongezee.

Kasoro zipo. Mfuniko ulinata kwa nguvu ya hewa iliyopoa ndani, na nisingejua kubonyeza kitufe cha katikati ili hewa iingie, nisingeufungua. Mpira wa mfuniko hushika harufu ya samaki. Lazima utolewe na kuoshwa peke yake, kisha ukauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mdomo ni mwembamba kuliko wa hotpoti, kwa hiyo ugali na chapati havifai humo, na ugali hata hivyo hutokwa jasho popote unapofungiwa. Mchicha hubadilika rangi na kulegea kwa sababu unaendelea kuiva. Chakula cha nazi mimi sikibebi kabisa katika safari ndefu, kwa kuwa huchacha upesi kikipoa, na foleni kama ile ya Kitonga haitabiriki.

Hotpoti yangu sijaitupa. Kwa matembezi ya ufukweni, ambapo tunakula ndani ya saa 3, inatosha, na chapati zilizofungwa kwa kitambaa cha pamba hukaa vizuri ndani yake. Kwa safari ya mama ya kurudi Dar es Salaam nimenunua chombo cha pili cha ombwe, cha lita 1, kwa ajili ya uji wake wa asubuhi.